Fundi wa Zari na Shingo Yangu

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Nimeishia darasa la saba, na mwalimu wetu alikuwa akisema herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Naandika polepole sana. Ukurasa mmoja unaweza kunichukua tangu chai ya asubuhi hadi watu wanaporudi shamba. Lakini kuongea mbele za watu kunanishinda kuliko kuandika, kwa hiyo nimechagua kalamu.

Ninayemwandika alikuwa jirani yetu kijijini Chiungutwa kwa miaka mingi. Jina lake sitalitaja. Wote tulimwita Fundi. Kazi yake ilikuwa zari, ule uzi unaong'aa kama dhahabu au fedha, unaouona kwenye kola ya kanzu, kwenye joho la bwana harusi na kwenye mavazi ya mapadri. Mafundi wengine hununua zari dukani. Yeye alitengeneza yake nyumbani kwake, kwa mikono yake na kwa mdomo wake. Niseme mapema kwamba nilikuwa namwonea kinyaa, na mpaka leo namwonea kinyaa. Mkitaka mtu asifiwe, hapa mtapata kidogo.

Nianze na mdomo. Fundi alikuwa analamba uzi. Mafundi wote hulamba ncha ya uzi ili ipite kwenye tundu la sindano, hilo nalijua. Yeye aliupitisha uzi wote midomoni, pima nzima, ili unga wa rangi uliolegea utoke na uzi ubaki laini. Kwa hiyo midomo yake ilikuwa na rangi ya sufuria iliyosuguliwa. Ukimwamkia shikamoo, akajibu marahaba, unaona meno ya mbele yanameta. Akimaliza kulamba anatema. Mate yake yalikuwa mazito, na yalikuwa yanang'aa. Uwanja wake ulikuwa na madoa yanayometa kama njia ya konokono, na ukipita asubuhi kwenda kisimani inabidi uangalie pa kukanyaga.

Kuku wetu waliyapenda yale mate. Walikuwa wanakimbilia kuyadonoa kabla hayajakauka. Mama alipoliona hilo aliacha kabisa kula mayai ya yule tembe, kuku wetu anayetaga. Jirani mwingine akamtania, "Mama Rehema, subiri, siku moja atakutagia la dhahabu."

Mama akasema, "Hilo utakula wewe."

Chai nayo. Fundi alikuwa na tabia ya kuja kwetu bila kuitwa wakati chai ikiwa tayari. Anakaa kwenye kigoda, anachovya kiazi au mkate, na ukiangalia ndani ya kikombe chake unaona juu ya chai utando unaong'aa, unazunguka. Anaunywa. Halafu anakurudishia kikombe kwa heshima, mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri, na pembeni ya kikombe pana alama ya midomo ya rangi ya fedha. Mama alimtengea kikombe chake peke yake, chenye mpini uliovunjika. Fundi hakuuliza kwa nini. Nadhani alijua. Alikuwa akifika anakichukua mwenyewe pale kilipotundikwa.

Mikono yake sitaieleza sana kwa sababu nitaikuta mbele. Niseme tu kucha zilikuwa nyeusi pembeni na za dhahabu katikati, na alikuwa anakula ugali kwa hizo hizo.

Alikuwa na maneno yake. Mtu akimwita mshonaji, anakasirika. "Mimi sishoni," anasema. "Kushona anashona hata mke wa mtu akichaniwa gauni. Mimi nawavisha watu jua." Ukimuuliza kazi itakwisha lini, jibu lake ni, "Uzi ndio unaojua." Na zari ya dukani aliichukia kama adui aliyemfukuza shamba. Siku moja mama mmoja alimletea kibonge cha zari alichonunua Masasi mjini, akitaka afanyiwe kazi kwa hiyo. Fundi alikata kipande, akawasha kiberiti, akakichoma mbele yake. Uzi ulijikunja ukawa tone jeusi, ukatoa harufu ya plastiki.

"Umeona?" Fundi alimwambia. "Huu ni mfuko wa rambo uliokatwa vipande, ukapakwa poda. Utamfungia bwana harusi mfuko wa rambo shingoni?"

Yule mama aliondoka na kibonge chake huku anacheka kwa aibu. Nami nilicheka, peke yangu nyuma ya mlango. Sikatai, alikuwa anachekesha.

Na ujuzi alikuwa nao. Hapa ndipo ninapopata taabu, kwa sababu ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu wa hovyo tu, nimalize. Wazee wa kanisa waliwahi kumletea kasula ya zamani sana, vazi la padri la misa, lililotoka kwa wamisionari wa kwanza na kuliwa na panya kwenye kabati. Waliomba aitengeneze. Alikaa nayo siku kadhaa bila kuigusa kwa sindano, anaiangalia tu. Halafu akatuita, mimi na mama na watu wengine waliokuwa wanapita, tukasimama barazani kwake. Alikuwa ameuchomoa uzi mmoja wa dhahabu, urefu wa kidole, na alikuwa anaufumua kwa ncha ya sindano. Ndani yake ulikuwa uzi wa hariri wa njano. Nje, ukanda mwembamba wa madini, mwembamba kuliko jani la nyasi, umezungushwa juu ya ule wa hariri mzunguko baada ya mzunguko bila kuacha nafasi. Ulipofumuliwa ukanda ulibaki umejiviringa kama kamkia ka mbwa.

"Mnaona?" alisema. "Hawakupaka. Walivisha. Uzi wenyewe umevaa nguo."

Macho yake yalikuwa na machozi. Pua pia ilitiririka, akaifuta kwa ile kasula.

Tangu siku hiyo akawa na zari za aina mbili. Ya kwanza aliiita ya kuvisha. Alinunua dainamo mbovu za baiskeli, akafungua nyaya nyembamba za ndani, akazichoma ili ngozi inayozifunika itoke, akazigonga kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha chuma mpaka zikawa bapa. Halafu anageuza baiskeli miguu juu, anafunga uzi wa pamba kwenye gurudumu la nyuma, anazungusha pedali taratibu kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anauongoza ule ukanda wa shaba ujizungushe juu ya pamba. Kutwa nzima inatoka zari isiyofika urefu wa mtu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzito, na rangi yake ilikuwa ya joto, ya wekundu kidogo, kama jua la saa kumi na mbili asubuhi. Uzi huo hauwezi kupenya kitambaa, utakatika. Unalazwa juu yake na kubanwa kwa mishono midogo midogo ya uzi wa kawaida. Mishono yake ilikuwa midogo kiasi kwamba huioni mpaka uiguse.

Ya pili ilikuwa ya kupaka. Hii ndiyo iliyomlisha. Alifunga nyuzi za pamba kutoka nguzo moja ya uwanja hadi nyingine, nyuzi nyingi kama kamba za kuanikia, halafu anatembea nazo akiwa na kitambaa chenye dawa yake, anazivuta ndani ya kitambaa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Dawa ilikuwa na ule unga wa rangi wa kupaka mageti, tuliuona makopo yake. Ilikuwa pia na kitu cha kuushikiza unga kwenye uzi, na hicho alikipika mwenyewe nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa mabua, na hakumruhusu mtu kuingia. Tulichokuwa tunakiona ni moshi tu. Ulikuwa moshi wa maganda ya korosho, mchungu, unaokaa kooni. Hatukushangaa. Wanaobangua korosho wanayatupa maganda, na watu wengi wanayatumia kama kuni. Tulidhani anapikia maganda kwa sababu ni ya bure.

Ya kuvisha aliitumia kwa makanisa. Ya kupaka aliitumia kwa watu. Nataka mlikumbuke hilo kwa sababu mimi sijawahi kulisahau. Vazi la padri lina bitana nzito, na chini yake kuna kanzu yenye kola. Ile shaba nzuri haikugusa ngozi ya mtu hata siku moja. Ile ya kupaka ilikwenda moja kwa moja shingoni.

Ya kupaka ilikuwa na vituko vyake. Joho moja lilikwenda Newala kwa harusi, na bwana harusi alipokuwa anakula, kola ikapukutika juu ya sinia. Watu waliokula naye walikuja kulalamika kwamba pilau ilikuwa inameta. Fundi akawajibu, "Mmekula dhahabu bure, bado mnanuna?" Lakini alirudia ile kola yote, na hakutaka chochote.

Ndivyo alivyokuwa. Alipokufa bibi mmoja mtaani kwetu asiye na mtoto, Fundi alishona msalaba wa shaba, ile ya kuvisha, kwenye kitambaa cha kufunikia jeneza. Kazi ya wiki nyingi, imekwenda chini ya udongo. Watu walimsifu. Mimi nilikuwa karibu wakati anakitandaza, na nilimwona anakohoa, anatema kwenye kiganja, anafuta kiganja kwenye suruali, halafu kwa kiganja hicho hicho anaunyoosha msalaba. Wengine wakikumbuka msiba ule wanakumbuka msalaba. Mimi nakumbuka kiganja.

Sasa shingo.

Mwaka niliomaliza shule nilichezwa unyago. Ya ndani hayaandikwi, na sitayaandika. Naandika ya siku ya kutoka tu, siku ambayo wali, yaani wasichana tuliochezwa, wanatolewa nje na nguo mpya na kila mtu anawaangalia. Mama alijua ninavyoogopa kuangaliwa. Akaenda kwa Fundi akamwambia, nami nikiwa nyuma yake, "Huyu wangu hasemi. Basi nguo yake iseme."

Fundi aliniangalia shingo kama mtu anayepima mbuzi. "Itapiga kelele," alisema.

Alinitengenezea gauni la buluu lenye kola ya zari upana wa vidole vitatu, kupanda hadi chini ya kidevu. Wali tulikuwa wengi, na kazi ilimwelemea. Moshi wa nyuma ya nyumba haukukatika siku zile. Nilipolivaa, lilikuwa bado linanata kidogo. Lilinuka. Lakini liling'aa kwa kweli. Watu walipiga vigelegele, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisimama katikati ya watu bila kuangalia chini, kwa sababu kola yenyewe ilikuwa ngumu, haikuruhusu.

Tulicheza jua kali mpaka mchana wa saa tisa. Jasho lilinitoka. Nilianza kuwashwa, nikanyamaza. Jioni shingo ilikuwa moto. Kesho yake ilikuwa imevimba na imejaa malengelenge, mduara mzima, upana wa vidole vitatu. Yalipopasuka yalitoa maji ya njano yenye harufu ambayo sikujua mwili wangu unaweza kuitoa. Halafu ngozi ikawa nyeusi, ikabanduka vipande. Mama alikuwa ananibandua huku analia. Nilikuwa najitazama kwenye kioo cha mkononi na kutapika.

Mama alinishika mkono akanipeleka kwa Fundi. Hapakuwa na shikamoo.

"Angalia ulichomfanya mwanangu!"

Fundi aliinama akaangalia. Alinusa. Nakumbuka alinusa shingo yangu. Halafu akasimama wima.

"Siyo dawa yangu," alisema. "Dawa yangu ilikuwa safi. Nina hakika nayo. Muulize mwanao kafanya nini."

"Kafanya nini maana yake nini?"

"Mwali anapewa mwiko wake. Asipoushika, mwili unasema."

Alisema barazani, mchana, na watu walikuwa wanapita.

Huo mwiko siuandiki. Waliokulia huku wanaujua, na wanajua binti anayesemwa kauvunja anaonwaje. Wali wenzangu wawili watatu nao waliwashwa, lakini kidogo, kola zao zilikuwa nyembamba, na mama zao wakawanyamazisha haraka wasije wakatiwa kundi moja na mimi. Mimi nilikuwa mtoto nisiyesema. Ningesema nini? Nilitingisha kichwa, ngozi ikavutika ikapasuka, nikalia, na waliokuwa wanatazama wakaona nalia kwa kuwa nimeumbuka. Tangu hapo navaa mtandio nimeuzungusha shingoni, msimu wa joto na msimu wa baridi. Posa moja ilikuja kutoka Lupaso, ikafika nusu, ikarudi. Hatukuambiwa sababu. Hatukuuliza.

Fundi hakuhama kwa ajili yangu. Aliendelea kuja kunywa chai mpaka mama alipokishusha kile kikombe akakitupa chooni mbele yake. Halafu baada ya muda mrefu akaondoka Chiungutwa, watu wakasema amekwenda juu, Newala, kwa sababu huko wateja wa joho ni wengi. Nyuma ya nyumba yake paliachwa majivu, na mahali pale mpaka leo nyasi haioti.

Msimu wa korosho uliopita mama alinituma Makote, huko huko Newala, kumsaidia shangazi kuokota. Shangazi yangu anaongea kwa niaba yangu na yake, na ninampenda kwa hilo. Jioni ya kwanza aliniambia kwamba binti yake Saada, mdogo wangu, atatoka unyago baada ya siku chache, na kwamba nguo za wali zinashonwa na mzee mmoja fundi anayekaa nyumba ya tatu.

"Anajua kazi yule mzee," alisema. "Ila mchafu, we acha."

Sikumaliza ugali.

Asubuhi nilikwenda. Nilisimama nje ya ua wake muda mrefu kiasi kwamba watoto walianza kuniuliza kama nimepotea. Ndani kulikuwa na kamba, na kwenye kamba magauni saba, yote yana kola pana, zote zinang'aa. Niliingia kwa sababu ya yale magauni. Kwa ajili yangu mwenyewe nisingeingia.

Alikuwa amezeeka, amekonda, anakohoa kikohozi cha maji. Alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, na kwa kuwa sasa hana mabua ya kutosha, ua ulikuwa wazi, nikaona kile ambacho hatukukiona Chiungutwa. Debe la maganda ya korosho lililotobolewa matundu chini, limekaa juu ya sufuria. Maganda hayakuwa kuni. Yalikuwa yanakamuliwa kwa moto, na kwenye sufuria yalikuwa yanadondosha mafuta meusi, mazito kama lami.

Mtoto yeyote wa kwetu anayajua mafuta yale. Ukichoma korosho zikakurukia, unapata doa jeusi, na ngozi inabanduka. Wanaobangua wanajipaka majivu mikononi kwa sababu yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa shingoni mwangu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nguo ya nani?"

Nilifungua mtandio. Aliangalia shingo yangu kwanza, uso baadaye.

"Wewe ni wa Chiungutwa," alisema. "Binti wa Mama Rehema."

"Ndiyo."

"Ulipona."

Nilinyoosha kidole kwenye sufuria. Sauti ilitoka ndogo. "Ulinipaka hayo."

"Hayo mabichi yanachoma, nani hajui? Mimi napika." Alikoroga kwa kijiti. "Yakipikwa sana, yanakufa. Yanabaki gundi tu. Unatia unga, unapaka, hayabanduki miaka. Hakuna fundi mwingine aliyeligundua hili."

"Yangu hayakufa."

"Yalikufa! Kila chungu nakijaribu, binti. Sijawahi kupaka uzi bila kujaribu." Alikunja mkono wa shati la kushoto. "Nilijaribu hapa. Haikuwasha."

Nimesema mikono yake nitaikuta. Ndani ya mkono wake, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja, pale ambapo mtu yeyote ana ngozi laini, yeye alikuwa na kitu kama kisigino. Kinene, cheusi, kimepasukapasuka, na ndani ya mipasuko kumeingia unga wa dhahabu. Vyungu vyote vya miaka yote alivijaribia mahali pamoja.

Kwenye kigoda palikuwa na sindano yake. Niliichukua. Alikuwa bado anaongea, ananieleza jinsi moshi unavyobadilika rangi mafuta yakiiva. Nilimshika ule mkono, wenyewe, kwa vidole vyangu, na nikaichomeka sindano pale pa kujaribia. Si kidogo. Aliendelea kuongea juu ya moshi.

"Fundi," nilisema. "Hapo hupati maumivu?"

"Wapi?"

Aliangalia chini akaiona sindano imesimama mkononi mwake. Aliitingisha kwa kidole. Aliichomoa, akaichomeka tena mwenyewe, pembeni kidogo, halafu pembeni zaidi.

"Ni uzee," alisema.

"Kabla ya unyago wangu ulikuwa unahisi?"

Aliirudisha sindano kwenye kigoda. Nikavua mtandio wote, nikakunja mkono wangu wa gauni. "Chungu cha hizi nguo saba kipo?"

Masalio yake yalikuwepo, kwenye kopo.

"Nipake mimi."

"Hapana. Wewe mtoto wa watu."

"Na wale saba ni wa nani?"

Alinipaka alama ya vidole viwili, kwa kitambaa, polepole, kama anapaka uzi. Nilirudi kwa shangazi, nikamwambia kila kitu. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Shangazi alitaka kwenda kuyararua yale magauni jioni ile ile. Nikamwomba asubiri.

Asubuhi mkono ulikuwa umevimba, na pale palipopakwa pamejaa malengelenge, vidole viwili, mipaka imenyooka kama iliyochorwa kwa rula. Tulikwenda pamoja. Shangazi aliuinua mkono wangu akauweka mbele ya macho ya Fundi kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

Aliuangalia sana. Mara hii hakunusa.

Shangazi akasema, "Huyu ulimwambia mama yake kwamba kavunja mwiko."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Dawa haikunichoma mimi." Alikuwa anasema polepole. "Kama siyo dawa, basi ni mtoto. Ndivyo nilivyohesabu. Nilikuwa na hakika."

"Basi sema sasa. Usiniambie mimi. Sema kwa sauti, wapo majirani hapo."

Fundi alisimama, akakohoa, akaelekea kwenye uzio. Wanawake wawili walikuwa wanapepeta karibu na pale. Akawaambia, "Nguo za wali nimeziharibu. Zinachoma. Na huyu binti wa Chiungutwa zilimchoma zamani, mimi nikamsingizia. Hakuvunja kitu." Wale wanawake hawakuwa hata wananijua. Waliniangalia, wakaangalia mkono, wakasema, "Pole, mama." Hiyo ndiyo ilikuwa fidia yangu. Nilidhani nikiisikia nitajisikia mwepesi. Nilikuwa nawashwa tu.

Alishusha magauni, akachukua wembe, akaanza kufumua kola moja baada ya nyingine. Alifumua vizuri, bila kugusa kitambaa, kwa uvumilivu ule ule. Tulikaa tunamlinda mpaka ya saba. Saada alitoka na kola ya kitambaa kitupu cha kitenge, na alicheza.

Tulipokuwa tunaondoka Fundi aliniita nirudi. Shangazi alibaki mlangoni.

"Mkono wako ni mzuri," alisema. "Unahisi. Mimi huu wangu umekwisha." Alikuwa ananiangalia mkono, siyo uso, kwa macho yale aliyoiangalia nayo ile kasula ya zamani. "Nikipika chungu kingine, nikakiivisha zaidi, utakuja unijaribie? Alama ndogo tu."

Alikuwa anauliza kwa moyo safi kabisa. Hilo ndilo linalonichefua hata leo, kwamba alikuwa anauliza kwa moyo safi, na baada ya yote aliyoyaona alichokiona ni kwamba nina ngozi.

Sijawahi kumkatalia mtu mzima kitu usoni. Nilimwambia, "Hapana." Nilimwambia mara ya pili kwa sauti ambayo wale wanawake waliokuwa wanapepeta waliisikia, wakageuka.

Nawaomba ninyi mnaosoma. Kama uliwahi kuvaa kola ya zari iliyotengenezwa huku kwetu, ya unyago au ya harusi au ya kipaimara, na shingo ikakuchoma, na ukaambiwa kwamba kosa ni lako, niandikie. Niambie ni mwaka gani na uliambiwa nini. Hata mstari mmoja unatosha. Nitazisoma barua zote, na kila mmoja nitamjibu, ila mnivumilie.